Mafua yameondoka, kikohozi kimebaki: hatua za kutafuta chanzo na kukitibu

Maswali ni yale yale kila msimu wa mafua. "Wiki ya tatu sasa nakohoa, nibadilishe antibiotiki?" "Makohozi yamekuwa ya kijani, je, yameshuka kifuani?" "Nimemaliza chupa mbili za dawa ya kikohozi na bado, sasa ninywe ipi?" Kabla ya kununua chupa ya tatu, fanya mambo mawili: hesabu siku, kisha tafuta kikohozi kinaanzia wapi. Kikohozi kinachoanzia puani hakiponi kwa dawa ya kifua, na kile kinachotokana na asidi ya tumboni hakijali dawa yoyote ya kikohozi iliyopo kwenye rafu.

Soma hapa kwanza: usijitibu nyumbani ukiona haya

Nenda hospitali leo, usisubiri kumaliza mwongozo, kama mgonjwa:

- anahema kwa shida akiwa amekaa tu, au hawezi kumaliza sentensi bila kukatika pumzi;
- midomo au ulimi umegeuka bluu au kijivu;
- anakohoa damu;
- ana maumivu makali ya kifua, hasa anapovuta pumzi;
- amechanganyikiwa, au analala kiasi cha kushindwa kuamka vizuri.

Kwa mtoto, angalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, kama ameshindwa kunyonya au kunywa, na hesabu pumzi zake. Mhesabie dakika nzima akiwa ametulia, si akiwa analia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi asiyefika miaka 5, ni za haraka mno na zinaweza kuwa nimonia. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi anapelekwa hata kama anaonekana mchangamfu.

Vitu vya kuwa navyo

- Kipimajoto.
- Daftari au simu ya kuandikia siku na dalili.
- Chumvi safi ya mezani, ikiwezekana isiyotiwa madini joto, na maji yaliyochemshwa.
- Chupa ya kusafishia pua, au bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano.
- Asali.
- Parasetamoli.
- Kijiko cha kupimia dawa chenye alama za mililita. Vijiko vya jikoni havifanani ukubwa.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za presha. Utaona sababu yake katika hatua ya 2.

Hatua ya 1: Hesabu siku vizuri

Andika tarehe ambayo koo lilianza kuwasha au pua kutiririka. Usianzie siku uliyochoka kukohoa.

Mafua ya kawaida hupamba moto siku ya 2 au ya 3, na mengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Kikohozi chake ndicho kinachochelewa: kwa wastani huchukua kama siku 18. Ukisikia kwamba "mafua ni wiki moja", hiyo ni hesabu ya pua na homa, si ya kikohozi. Virusi huchubua utando wa njia ya hewa, na hata vikishaondoka, utando huo unabaki mwepesi kuchokozeka hadi upone. Ndiyo maana upepo wa baridi, kicheko au harufu ya manukato hukuanzishia kikohozi wakati mwili mzima unajisikia salama.

Kwa mtu mzima, gawanya hivi:

- Chini ya wiki 3: kinachotarajiwa. Fuata hatua ya 3 hadi ya 8.
- Wiki 3 hadi 8: mara nyingi ni njia ya hewa ambayo bado haijapona, lakini sasa unatakiwa kutafuta chanzo kwa makini na kuonana na daktari.
- Zaidi ya wiki 8: ni kikohozi sugu. Kinahitaji uchunguzi, si dawa ya maji nyingine. Kwa mtoto, kikohozi kinaitwa sugu kikipita wiki 4.

Kuna tofauti moja kubwa. Kama umekaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu, au unaishi mahali ambapo ugonjwa huo ni wa kawaida, wiki 2 za kukohoa zinatosha kwenda kupima makohozi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI hasubiri hata hizo wiki 2. Na popote ulipo, kikohozi kikiandamana na homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka au kupungua uzito, kapime.

Kosa la kawaida: kuunganisha mafua mawili kuwa moja. Mtu mzima hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka; mtoto mdogo, hasa anayeanza shule ya awali, mara 6 hadi 8 au zaidi, na mengi huangukia miezi ile ile. Ukipata siku mbili tatu za nafuu ya kweli, kisha koo likaanza kuwasha upya na pua kutiririka maji, hayo ni mafua mapya. Anza kuhesabu upya.

Hatua ya 2: Tafuta kikohozi kinaanzia wapi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayowaweka kwenye kikohozi miezi. Kwa siku 3 andika: unakohoa saa ngapi, ukiwa umekaa au umelala, baada ya kufanya nini, na nini kinatoka. Kisha linganisha.

*Puani.* Unahisi kitu kinateremka nyuma ya koo, unasafisha koo kila mara, kikohozi huzidi ukilala chali na asubuhi unapoamka. Makamasi ndiyo yanayoshuka na kuchokoza koo. Kama pia unapiga chafya na macho yanawasha wiki baada ya wiki bila homa, hayo huenda si mafua bali ni mzio.

*Kifuani, upande wa pumu.* Kikohozi cha usiku wa manane na alfajiri, cha baada ya kukimbia au kupanda ngazi, cha hewa ya baridi, pengine na mlio kama filimbi kifuani. Pumu inaweza kujitokeza kwa kikohozi peke yake, bila mtu kubanwa. Wanaoambiwa kila mara kwamba mafua yao "hushuka kifuani" waulize juu ya hili.

*Tumboni.* Kikohozi huja baada ya kula, ukiinama au ukijilaza. Mdomo una uchachu au una kiungulia, na sauti hukwaruza asubuhi. Kiungulia si lazima kiwepo.

*Kwenye kasha la dawa.* Dawa za presha na moyo ambazo majina yake huishia na "-pril" (enalapril, lisinopril, captopril, ramipril) huwapa baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu cha mtekenyo. Kinaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuanza dawa, kwa hiyo mtu hakumbuki kuvihusisha, na mafua yakipita hapo katikati ndiyo yanayobebeshwa lawama. Usiiache dawa mwenyewe. Mwambie daktari, zipo za kundi jingine za kubadilisha, na baada ya kubadilisha kikohozi kwa kawaida hupotea ndani ya wiki 1 hadi 4, mara chache hufika miezi 3.

*Kifaduro.* Kukohoa mfululizo hadi pumzi inaisha, kisha kuvuta hewa kwa mlio, pengine na kutapika mwishoni. Kinaweza kudumu hadi wiki 10 au zaidi. Mtu mzima aliyechanjwa utotoni anaweza kukipata bila ule mlio. Kama nyumbani kuna kichanga, usikikalie kimya kikohozi hicho: kichanga mwenye kifaduro anaweza asikohoe kabisa, akaacha tu kupumua.

Vyanzo viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Ukitibu kimoja na nafuu ikaishia nusu, rudi kwenye daftari.

Hatua ya 3: Ondoa kinachochokoza

Sigara, shisha, moshi wa kuni na mkaa, udi, dawa za mbu za kuchoma, vumbi la kufagia, manukato makali. Hakuna dawa inayoshinda moshi unaoingia kila siku. Anayeacha sigara ajue kwamba anaweza kukohoa zaidi kwa wiki chache za mwanzo, kwa sababu vinyweleo vya kusafisha njia ya hewa vinaanza kazi tena. Wengi hurudia sigara hapo hapo wakidhani ndiyo iliyokuwa dawa.

Hatua ya 4: Safisha pua, asubuhi na jioni

Kwa kikohozi cha puani hii ndiyo tiba yenyewe, na gharama yake ni chumvi na maji.

1. Chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu dakika 1 (dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000). Yaache yapoe hadi uvuguvugu. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa: wapo vijidudu visivyodhuru vikinywewa lakini vinavyoweza kufika kwenye ubongo vikipitia puani.
2. Katika nusu lita ya maji hayo tia chumvi robo tatu ya kijiko cha chai, yaani kama gramu 4.5. Koroga hadi iyeyuke. Ikiwasha, maji ni ya baridi au chumvi haikulingana. Chumvi ikiwa kidogo mno nayo huwasha, na wengi hukosea hapo kwa kuipunguza zaidi.
3. Inama juu ya sinki au beseni, geuza kichwa upande mmoja, fungua mdomo na upumulie mdomoni.
4. Mimina polepole mililita 60 hadi 120 kwenye tundu la juu. Maji yatatokea tundu la chini. Geuza, rudia.
5. Penga taratibu, tundu moja moja. Kupenga kwa nguvu huku umebana matundu yote kunasukuma makamasi kuelekea masikioni.
6. Osha chupa na uianike. Maji yaliyobaki yasizidi saa 24.

Usisafishe kama sikio linauma au pua imeziba kabisa pande zote mbili. Kichanga hamiminiwi: tia matone 2 au 3 kila tundu, subiri kidogo, kisha nyonya makamasi kwa mpira wa kunyonyea kabla hajanyonyeshwa.

Dawa za kupuliza za kuzibua pua (oxymetazoline, xylometazoline) hufanya kazi ndani ya dakika chache, na hapo ndipo zilipo hatari zake. Tumia siku 3, kamwe zisizidi 5. Ukizidisha, pua inaziba yenyewe kila dawa inapoisha nguvu, unapuliza tena, na "mafua" yanakuwa ya miezi.

Hatua ya 5: Tuliza koo

Asali kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 ni mililita 2.5 hadi 5. Kwa mkubwa, mililita 10. Inywewe nusu saa kabla ya kulala, yenyewe au ndani ya maji ya uvuguvugu. Kwa kikohozi cha usiku haipitwi sana na dawa nyingi za chupa. Asiyefikisha mwaka 1 hapewi asali kabisa, hata kulambishwa, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu ya botulizimu ambazo utumbo wake haujaweza kuzizuia. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari.

Kusukutua: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, mara 3 au 4 kwa siku, teme. Kunywa maji ya kutosha mkojo uwe wa rangi hafifu. Hakuna haja ya kujilazimisha malita.

Hatua ya 6: Homa na maumivu, kwa kipimo sahihi

Mtu mzima: parasetamoli ya miligramu 500, kidonge 1 au 2 kila saa 4 hadi 6, visizidi 8 ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza.

Mtoto hupimiwa kwa kilo: miligramu 15 kwa kila kilo, kila saa 4 hadi 6, zisizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Chupa ikiwa ya miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Soma lebo kila mara, kwani kuna chupa za 250 katika mililita 5 pia, na hizo ni zaidi ya maradufu. Aspirini haipewi mtoto wala kijana mwenye mafua au homa.

Kosa la hatari kuliko yote hapa: vidonge na poda nyingi za "mafua" tayari vina parasetamoli. Ukimeza hivyo pamoja na parasetamoli ya kawaida, umezidisha dozi bila kujua, na ini ndilo linaloumia.

Hatua ya 7: Panga usiku

Lala ubavu, si chali. Kama chanzo ni pua, ongeza mto. Kama ni tumbo, mito haisaidii sana kwa sababu inakunja kiuno na kulibana tumbo; inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20 kwa matofali au vipande vya mbao, na usile saa 3 kabla ya kulala.

Hatua ya 8: Jifunze kukohoa, na kutokohoa

Kikohozi kikavu hujizalisha: kila pigo linachubua koo na kuita jingine. Mtekenyo ukija, funga mdomo, meza mate, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha nywa funda dogo la maji. Sekunde 20 zikipita, mara nyingi hamu nayo imepita.

Kama kuna makohozi, usiyazuie. Kaa wima, vuta pumzi ya wastani, kisha toa hewa kwa "haa" mara 2 au 3 huku mdomo ukiwa wazi, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo. Makohozi yakifika juu, kohoa mara moja tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usichanganye dawa ya kuzuia kikohozi (yenye dextromethorphan au codeine) na ya kulainisha makohozi. Moja inayatoa, nyingine inayafungia. Anayetumia dawa za msongo wa mawazo aulize mfamasia kabla ya dextromethorphan. Mtoto wa chini ya miaka 4 hapewi dawa za mafua na kikohozi za dukani. Codeine haipewi mtoto kabisa.

Mambo yanayochelewesha kupona au kuongeza madhara

Antibiotiki. Mafua ni ya virusi, nazo hazigusi virusi. Rangi ya makohozi haibadilishi hilo: kijani hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zilizopigana na maambukizi, ya virusi au ya bakteria. Kinachofanya tufikirie bakteria kwenye uwazi wa mifupa ya uso ni mwenendo: siku 10 bila nafuu yoyote, au ulipata nafuu kisha ukazidiwa upya, au homa ya 39 na zaidi pamoja na usaha puani na maumivu ya uso kwa siku 3 au 4 mfululizo.

Kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayotokota. Nafuu yake ni ya muda mfupi, na sufuria ikipinduka inaunguza vibaya, watoto hasa. Kuoga maji ya moto mlango ukiwa umefungwa kunakupa mvuke ule ule.

Mafuta puani. Mafuta yakishuka kwenye mapafu huleta nimonia ya aina yake. Zile za kuchua zenye kafuri hupakwa kifuani tu, na si kwa mtoto wa chini ya miaka 2.

Bado hakijatulia? Angalia hapa

*Pua huziba tena saa chache baada ya kupuliza dawa.* Dawa yenyewe ndiyo sababu. Iache tundu moja kwanza, huku ukisafisha kwa maji ya chumvi; tundu hilo likifunguka, acha la pili. Inaweza kuchukua wiki 1 au 2. Daktari anaweza kukupa ya kupuliza yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ikuvushe.

*Nimepewa ya steroidi na haifanyi kitu.* Mara nyingi sababu ni moja ya hizi mbili: umeitumia siku 3 ukaacha, wakati inahitaji hadi wiki 2 za kila siku, au unaipuliza vibaya. Inamisha kichwa mbele kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, elekeza upande wa sikio, vuta pumzi kidogo tu. Ukisikia ladha yake kooni, umevuta kwa nguvu mno.

*Homa ilikwisha siku ya 4, imerudi siku ya 8.* Usiongeze parasetamoli na kungoja. Huo ndio mwenendo wa maambukizi yaliyofuata juu ya mafua, na mapafu yanahitaji kusikilizwa.

*Nakohoa nikilala, miguu imevimba, nachoka nikitembea kidogo.* Hapo ni moyo wa kuangaliwa, wala si mafua.

*Wiki 3 zimepita na sioni chanzo.* Nenda na daftari lako. Uliza mambo matatu: picha ya kifua, kipimo cha makohozi, na kipimo cha kupuliza hewa cha kutafuta pumu. Taja dawa zote, kazi unayofanya, unavuta moshi wa aina gani na nani mwingine anakohoa nyumbani. Daktari akikuandikia antibiotiki, muulize anatibu nini hasa.